Sura ya Sita: Mchakamchaka na Tone la Damu

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania hahitaji kuelezwa mchakamchaka. Umande bado uko majanini, mnapangwa mistari miwili, mmoja mwenye koo anaanzisha wimbo, waliobaki wanaitikia, na miguu yote inakanyaga chini kwa pamoja. Sisi tulidhani ni adhabu ya kuamka mapema. Mwalimu alidhani ni ukakamavu. Hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa tunapimwa bila maabara. Anayekimbia huku anaitikia wimbo mpaka mwisho wa ubeti, damu yake bado imetulia. Anayefungua mdomo likatoka neno moja na pumzi tatu, damu yake imekwisha badilika.

Huku Pemba mchakamchaka haukuishia shuleni. Baada ya sala ya Alfajiri utakutana na vikundi vya mazoezi barabarani, Chake Chake, Wete na Mkoani, wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume, na kila tarehe 1 Januari Zanzibar nzima inakuwa na siku yake ya mazoezi, watu wanaingia uwanjani kwa nyimbo na fulana za rangi. Sura hii namwandikia yule aliyeanza kwenye kikundi cha namna hiyo, kisha akatamani zaidi. Anataka kilomita 10 chini ya dakika 40, au nusu marathoni bila kutembea hata hatua moja. Amenunua saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Na sasa saa ndiyo inayomwendesha.

Kijana mmoja wa aina hiyo alinisimamisha asubuhi moja nje ya Uwanja wa Gombani, jasho linamchuruzika mpaka kwenye viatu.

“Shikamoo, ami. Hebu nitazamie hii saa. Inanambia nimo hatarini, na mie najiona niko sawa tu.”

“Marahaba. Imesoma ngapi?”

“Mia na sitini na nane. Haishuki.”

“Njiani ulikuwa unazungumza na mwenzio?”

“Njia nzima. Tulikuwa tunabishana habari za mpira.”

Nikamwambia akimbie tena mzunguko mmoja kwa mwendo ule ule, asimame mbele yangu. Aliposimama niliweka vidole viwili shingoni mwake, pembeni ya koo, nikahesabu kwa sekunde 10. Nilipata mapigo 24, yaani 144 kwa dakika. Saa bado inang'ang'ania 168. Nikamwomba akimbie tena, safari hii nihesabu miguu yake. Hatua zilikuwa mia na sitini na kitu kwa dakika. Saa ilikuwa inahesabu miguu, si moyo.

Si saa mbovu. Saa za mkononi humulika taa ndani ya ngozi na kusoma damu inavyojaa na kupungua kwenye mishipa midogo. Mkanda ukilegea, jasho likapita chini yake na mkono ukawa unarushwa kwa mdundo wa hatua, mtambo unashika mdundo ulio mkubwa zaidi. Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe, kwa hiyo haudanganyiki hivyo. Kampuni ya Polar ya Finland ilitoa kipimo cha mapigo kisicho na waya mwaka 1982, na kilikuwa cha kifuani. Miaka zaidi ya 40 baadaye bado namwambia mtu mwenye fedha za kimoja tu anunue mkanda wa kifua. Asiye na fedha ana vidole. Ila ahesabu mara tu anaposimama, sekunde 10 kisha mara sita, kwa kuwa moyo wa mkimbiaji hushuka upesi, na akihesabu dakika nzima atapata namba ya mtu aliyekwisha pumzika.

Sasa tuje kwenye damu.

Msuli unapovunja sukari kwa haraka ili upate nguvu, hutokea lakteti. Hutokea wakati wote, hata sasa unaposoma umekaa. Mtu aliyepumzika huwa na takriban milimoli 1 kwa lita moja ya damu. Kuanzia hapa nitasema namba tu, nawe ujue ni milimoli kwa lita. Mkimbiaji wa mita 800 akimaliza mashindano anaweza kuvuka 15.

Kwa muda mrefu lakteti ilisingiziwa. Mwaka 1907, Cambridge, Fletcher na Hopkins waliichochea misuli ya vyura mpaka ikachoka, wakakuta asidi ya lakti imejaa ndani yake. Archibald Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi yao juu ya msuli, joto lake na asidi hiyo. Tangu hapo ikaeleweka kwa watu wengi kwamba lakteti ni takataka, ni sumu, ndiyo inayochoma miguu na ndiyo inayoleta maumivu ya kesho yake. Makocha wetu wengi bado husema hivyo. Lakini vyura wale hawakuwa na damu inayopita wala ini la kuisafisha lakteti. Mwili mzima hufanya jambo jingine. Carl na Gerty Cori, waliopata Nobel mwaka 1947, walionyesha kwamba ini huichukua na kuirudisha kuwa sukari. Na kuanzia miaka ya 1980 George Brooks wa California alionyesha kwamba msuli mmoja huitoa, msuli wa pili huila, na moyo wenyewe huila kwa raha zake. Maumivu ya kesho yake yanatokana na nyuzi za misuli zilizochanika. Lakteti ya jana imekwisha ondoka kabla hujafika nyumbani kuoga.

Basi kama si sumu, tunaipimia nini? Chukua ngalawa inayovuja. Maji yanaingia kidogo kidogo, na mmoja amekaa chini na upo anayakumba. Mwendo ukiwa wa kawaida, maji yanaingia na kutoka, kina ndani ya chombo hakibadiliki. Bahari ikichafuka kidogo, maji yanapanda mpaka kwenye kifundo cha mguu, lakini mwenye upo anakaza mkono na kina kinasimama hapo. Ikichafuka zaidi, mkono unashindwa, na kuanzia hapo ni suala la dakika ngapi zimebaki. Ngalawa na mwili zinatofautiana kwa jambo moja, kwamba haya maji tunayoyakumba yanakwenda kunywewa. Lakini kina chake ndicho kinachotuambia bahari ikoje.

Kwa hiyo kuna vizingiti viwili. Cha kwanza ni pale lakteti inapoanza kupanda juu ya kiwango cha kupumzika, mara nyingi karibu na 2. Chini yake unaweza kukimbia saa nyingi, na ndipo mchakamchaka unapokaa. Cha pili ni pale inapoacha kutulia na kuanza kupanda tu. Mwaka 1976 Alois Mader na wenzake wa Cologne walipendekeza namba 4 iwe alama ya hapo. Ilipendwa kwa kuwa ni rahisi kukumbuka, na imewapoteza wengi. Kuna mkimbiaji ambaye kizingiti chake cha pili ni 2.8, na kuna mwingine ni 5.5. Ukiwafanyisha wote wawili mazoezi kwa 4, mmoja unamuua na wa pili unamchezea.

Namba yako unaipata kwa kupimwa, na Gombani panafaa kwa sababu moja kubwa, ni tambarare. Barabara za Pemba ni vilima juu ya vilima. Hakuna mlima wa kujisifia, lakini huwezi kupata kilomita mbili za kwenda sawa. Kwenye mzunguko wa mita 400 mkimbiaji anakimbia mizunguko mitatu kwa mwendo mmoja, anasimama chini ya dakika moja, anadungwa kwenye ncha ya sikio au kidole, tone linaguswa na stripu, mapigo yanaandikwa, anaendelea na mizunguko mingine mitatu kwa kasi zaidi. Mara tano au sita. Vipimo vya siku hizi havitaki damu nyingi. Lactate Pro 2 ya Japani inatosheka na sehemu 0.3 ya milioni moja ya lita, na jibu linatoka kwa sekunde 15. Tatizo ni bei. Stripu moja ni fedha ya madafu kadhaa, na kipimo kimoja kinakula sita.

Tuchukue mfano wa mkimbiaji anayemaliza kilomita 10 kwa dakika 38. Namba hizi nimezipanga mwenyewe ili uone umbo lake, usizichukue ziwe zako. Anaanza kwa sekunde 126 kwa mzunguko. Mapigo 136, lakteti 1.2. Anakuja 116, mapigo 147, lakteti 1.3, kama hakuna kilichotokea. Kwa sekunde 108 mapigo ni 157 na lakteti 1.9. Hapo mtu mwenye jicho anainua kichwa. Kwa 100 ni 167 na 2.8. Kwa 94 ni 176 na 4.3. Kwa 88 ni 184 na 7.4, na hapo mwenyewe hataki tena kuzungumza na mtu. Tazama mapigo yanavyopanda kama ngazi, kumi kumi au karibu na hapo, hayakuambii mlango uko wapi. Lakteti imelala, imelala, halafu imeinuka. Kizingiti cha kwanza cha mtu huyu kiko karibu na mapigo 154, cha pili karibu na 173. Ukishayajua hayo mawili, stripu zimemaliza kazi yake kwa miezi. Kilichobaki anakifanya mkanda wa kifua.

Ndiyo maana ya kuvitumia vyote viwili. Damu inaonyesha mlango uko wapi, mapigo yanakupeleka pale kila siku bila kudungwa.

Hesabu maarufu ya kutoa umri wako kwenye 220 ilitokana na karatasi ya mwaka 1971, na hata pale haikuwa utafiti wa kutosha. Kwa watu wenye umri mmoja, kiwango cha juu cha moyo kinatofautiana kwa mapigo 10 na zaidi, juu au chini. Kijana wangu wa Gombani saa yake ilikuwa imewekwa kwa hesabu hiyo. Nikamwambia atafute kilima cha dakika tatu, ambacho Pemba hakuna haja ya kukitafuta, apande kwa nguvu mara tatu huku akiteremka kwa kutembea, na mara ya tatu amalize kila alichonacho. Namba kubwa atakayoiona juu pale ndiyo yake. Mwenye presha, mwenye maumivu ya kifua au aliyevuka miaka 40 bila mazoezi asifanye hivyo kabla ya kumwona daktari.

Wakimbiaji wa Afrika Mashariki waliingia kwenye habari hii mapema. Mwanasayansi wa Sweden Bengt Saltin na wenzake waliwapima wakimbiaji wa Kenya, na majibu yakachapwa mwaka 1995. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haukuwapita sana mabingwa wa Skandinavia. Lakteti yao wakati wa kukimbia ndiyo iliyokuwa chini. Baadaye Marius Bakken wa Norwei, aliyekimbia mita 5,000 kwa 13:06.39 mwaka 2004, alifanya mazoezi Kenya, akajidunga mara maelfu, na akajenga mtindo wa kukimbia vipande vingi chini kidogo ya kizingiti cha pili, asubuhi na jioni ya siku moja. Mtindo huo ndio uliofuatwa na Jakob Ingebrigtsen, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 Tokyo, mbio zilizofanyika 2021. Watu wakiusikia wanadhani siri ni kukimbia kwa nguvu mara mbili kwa siku. Siri ni kujizuia. Kipimo cha Bakken kilikuwa kinamwambia punguza mara nyingi kuliko kilivyomwambia ongeza. Na siku zilizobaki wanakimbia taratibu kabisa. Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norwei, alipochunguza mazoezi ya wanamichezo wa juu wa mbio, makasia na baiskeli, alikuta kama vipindi vinane katika kila kumi ni vya taratibu.

Mkimbiaji wetu wa kawaida anafanya kinyume. Kila asubuhi anakimbia kati ya vizingiti viwili, kwa nguvu kiasi cha kuchoka, si kwa nguvu kiasi cha kuimarika, kwa sababu yumo kwenye kundi na hakuna anayetaka kuachwa. Ukimpima atakuwa na 2.8 Jumatatu, 2.8 Jumanne, 2.8 Jumatano. Ijumaa anataka kukimbia vipande vya kasi na miguu haimo.

Lakini namba za Norwei na za Iten, kule Kenya, zina kasoro moja zikifika hapa. Iten iko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, asubuhi watu wanavaa sweta. Pemba iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, bahari pande zote, na kaskazi ikianza kuvuma Desemba hewa inakuwa kama imechovywa. Jasho linatoka ila halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo unapewa kazi mbili. Unapeleka damu kwenye misuli, na unapeleka damu kwenye ngozi ili joto litoke. Maji mwilini yanapungua, kila pigo linasukuma damu kidogo zaidi, kwa hiyo mapigo yanaongezeka. Mkimbiaji wa mfano wetu, aliyekuwa na 147 kwa sekunde 116, akikimbia mwendo ule ule saa nne asubuhi mwezi Januari kutoka Chake kuelekea Vitongoji, baada ya dakika 40 anaweza kuona 160.

Hapa ndipo wengi hukasirikia mkanda. Wanasema mapigo yamedanganya kwa sababu ya joto, wanaendelea na mwendo walioandikiwa. Mimi nilikuwa miongoni mwao kwa misimu miwili mizima. Leo naona kinyume. Uchunguzi wa mapigo yanayopanda kwenye joto umeonyesha kwamba uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni unashuka pamoja nao. Yaani 160 ile ni kazi ya kweli ya mapigo 160. Misuli haijui kwamba karatasi ya kocha imeandika mwendo wa mchakamchaka. Ukidunga kidole pale, lakteti nayo mara nyingi utaikuta imepanda kidogo. Kwa hiyo kwenye kaskazi, mwendo ndio muongo na mapigo ndiyo shahidi. Siku ya taratibu shikilia mapigo yaliyo chini ya kizingiti cha kwanza hata ikibidi kutembea kwenye kilima. Siku ya kizingiti shikilia mapigo yale yale uliyoyapata kwenye kipimo, na uache mwendo ushuke sekunde 10 au 20 kwa kilomita bila kuona haya.

Asiyeamini amtazame mkimbiaji wa marathoni Alphonce Simbu. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston kwa saa 2:05:04, katika hewa ya baridi. Septemba mwaka huo huo, Tokyo, kwenye joto na unyevu, alikimbia 2:09:48, karibu dakika tano nyuma. Njia ni tofauti na mbinu za mashindano ni tofauti, hilo nalikubali. Lakini kwa muda huo wa polepole alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na kuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha. Angeng'ang'ania mwendo wa Boston, Tokyo ingemmaliza kabla ya kilomita ya 30.

Mapigo yana uongo wake mwingine, ambao si wa joto. Kahawa huyapandisha, usingizi mbaya huyapandisha, hofu ndiyo usiseme. Aliyewahi kusimama kwenye ukingo wa mchezo wa ng'ombe, dume likageuza kichwa upande wake, anajua moyo unaweza kufika 150 bila mguu kuinuka. Asubuhi ya mashindano kila mtu yuko kwenye ukingo ule. Usitazame mapigo kilomita mbili za mwanzo.

Na lakteti? Watu wanaiamini zaidi kwa kuwa imetoka kwenye damu. Nami nimeshuhudia ikisema uongo mkubwa kuliko wa saa. Mara ya kwanza nilipoanza kupima watu, nilimdunga mtu aliyekuwa akizunguka taratibu na kupata zaidi ya 9. Nilitaka kumkimbiza hospitali. Kosa lilikuwa langu. Jasho lina lakteti nyingi kuliko damu, mara kadhaa zaidi, na chembe ya jasho ikichanganyika na tone dogo vile inaharibu kila kitu. Futa kwa pamba yenye spiriti, kausha kabisa, dunga, futa tone la kwanza, pima la pili. Hapa kwetu ambako mtu anatoka jasho akiwa amesimama tu, hili ndilo kosa la kwanza, la pili na la tatu. Pia stripu zisisahauliwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Zina kimeng'enya ndani, na kimeng'enya kikiharibika hakitoi harufu kama samaki.

Uongo wa Ramadhani ni wa aina nyingine, wenyewe ni mtamu. Mwezi wa mfungo watu wengi hufanya mazoezi kabla ya kufuturu, saa kumi na moja jioni. Ukimpima mtu wakati huo, mwendo ule ule utakupa lakteti ya chini kuliko ya Shaabani. Anafurahi, anadhani ameimarika. Lakteti inatokana na sukari, na sukari kwenye misuli yake ndiyo imepungua. Hakuna cha kuvunjwa. Mapigo, kwa upande mwingine, yako juu kwa sababu ya kiu. Ukiona mapigo yamepanda na lakteti imeshuka, kisha mtu mwenyewe anasema amechoka, mwamini mtu. Kipimo kisubiri Mfunguo Mosi.

Kuna namba moja ya damu ambayo ningependa kila mkimbiaji wa Pemba aijue kabla ya hizi zote, na haihusiani na lakteti. Kisiwa hiki kimedungwa vidole kwa ajili ya sayansi kuliko visiwa vingi duniani. Pale Wawi iko Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea wa Italia. Hata kabla yake, katika miaka ya 1990, watafiti walipima damu za maelfu ya wanafunzi wa Pemba na kukuta zaidi ya nusu wana upungufu wa damu, na safura ikiwa miongoni mwa sababu kubwa. Minyoo ya safura hujishika kwenye utumbo na kunyonya, kidogo kidogo, kila siku. Tangu hapo dawa zimegawiwa mashuleni mara nyingi, na hali si ile. Lakini malaria, safura na kichocho havijageuka hadithi, na wanawake wana mwezi wao juu ya hayo.

Mwenye damu chache ana wabebaji wachache wa oksijeni, basi moyo unaenda safari nyingi zaidi. Mapigo juu kwa mwendo mdogo, lakteti inapanda mapema, miguu mizito. Kocha anaangalia namba na kumwambia hajafanya mazoezi ya kutosha, anamwongezea kilomita. Nimeona msichana mwenye kipaji akiachishwa mbio namna hiyo, na baadaye kipimo cha wingi wa damu, ambacho hospitali yoyote ya wilaya inaweza kukifanya, kikaeleza kila kitu. Wala usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Hapa hapa Pemba ndipo ulipofanyika utafiti mkubwa, majibu yake yakachapwa kwenye Lancet mwaka 2006, ulioonyesha kwamba kuwapa watoto wadogo wote chuma mahali penye malaria nyingi kuliongeza waliolazwa na waliofariki. Walikuwa watoto wa chini ya miaka mitatu, si wakimbiaji. Bado nakwambia upimwe kwanza, dawa baadaye, kwa mkono wa daktari.

Kijana wa saa nilimkuta tena baada ya masika. Mkanda wa kifua hajaununua, amenunua viatu, na sina neno naye. Siku za taratibu anakimbia na kikundi cha mtaani kwao na kuitikia nyimbo. Ikimshinda kuitikia ubeti mzima anajua amevuka kizingiti cha kwanza, anarudi nyuma ya mstari. Siku mbili kwa wiki anakimbia peke yake Gombani, vipande vya dakika tano, kwa kasi ambayo anaweza kutamka maneno matatu au manne lakini hadithi haiwezi. Akisimama anaweka vidole shingoni na kuandika namba kwenye daftari la shule, pamoja na saa na hali ya hewa. Wasomi waliolinganisha kipimo cha kuzungumza na vipimo vya damu waliona pumzi zinakaribia sana kizingiti cha kwanza. Kwa fedha ya stripu sita, sioni cha kumshauri zaidi.

Wewe uliyepata mashine ya kuazima, ipimie mwezi wa Julai au Agosti, kusi inapovuma na asubuhi ina ubaridi. Uwe umekula jana yake, umelala, hujanywa kahawa. Kisha rudia Januari, uwanja ule ule, saa ile ile, viatu vile vile, uweke karatasi mbili pamoja uone kaskazi imekugharimu sekunde ngapi kwa mzunguko. Na kila kabla ya tone, futa jasho.